Mume Niliyemuua kwa Mdomo

Mume wangu alikuwa amekufa miaka ishirini na moja nilipomsikia akipiga chafya.

Sikuwa ndotoni. Sikuwa nimeonja kitu. Nilikuwa Mwala, saa saba mchana, nimepiga magoti ndani ya tangi la maji lililolazwa ubavu, na mbuzi mmoja mwenye watoto wawili ananikodolea macho kama mimi ndiye mwizi.

Kabla hujaanza kunikemea mapepo, tulia nikueleze.

Yule mtu nilimuua mwenyewe. Kwa mdomo.

Naitwa Kamanthe. Nina cherehani mbili hapa Machakos mjini, nashona sare za shule. Kama mwanao amewahi kuvaa kaptura iliyombana, samahani, hiyo siku nilikuwa na mawazo.

Nilikuwa na mume anaitwa Munyao. Binti yetu wa pekee, Lavender, alipokuwa na miaka mitatu, Munyao alienda Taveta kununua ndizi.

Hizo ndizi hatujaziona hadi leo.

Mwaka ulipoisha nikaambiwa ameoa hukohuko. Sikulia. Sawa, nililia, lakini si mbele ya watu.

Shida ilikuwa mtoto. Kila jioni ni, "Baba anarudi lini?" Ningemjibu nini? Kwamba baba yako yuko hai, ana afya, anakula akashiba, ila hakutaki? Hilo ni somo la kumpa mtoto wa miaka minne?

Nikamwambia amekufa. Ajali ya lori. Wakamzika kulekule.

Na kwa vile mimi nikianza kazi huimaliza, nikamremba marehemu. Nikasema alikuwa mpole. Alikuwa anambembeleza kwa nyimbo. Alimnunulia viatu vyekundu.

Viatu nilinunua mimi. Na nyimbo? Munyao? Yule mtu akiimba kanisani, hata mchungaji alikuwa anafupisha ibada.

Lakini usiku huo mtoto alilala bila kuuliza kitu. Nikajua nimefanya la maana.

Miaka ikakatika. Lavender akasoma, akaajiriwa duka la dawa hapa mjini, akampata Mulwa, fundi wa umeme mwenye adabu hadi inatia shaka. Naye hana baba, presha ilimchukua zamani. Watu wa Mulwa wakasema wataleta ntheo, wale mbuzi watatu wa kwanza. Kwetu Wakamba, mbuzi hao wakishaliwa, binti ni wa watu.

Baba ndiye huwapokea. Lakini baba si "marehemu"? Kazi nikampa kaka yangu Kiema.

Siku tatu kabla ya sherehe, Nimco akaingia kwangu. Nimco ni jirani yangu, anauza vitambaa mlango wa pili. Mume wake hununua mbuzi sokoni Mwala.

"Mama Lavender, keti."

"Nimeketi, Nimco. Si unaona niko kwa cherehani?"

"Keti zaidi."

Nikaacha kushona.

"Mume wangu amemuona Lavender huko Mwala. Mara ya pili sasa. Ako na mzee, wamesimama kando wanaongea polepole. Wallahi sikutaka kukuambia."

Mzee? Na ntheo ni Jumamosi? Na msichana kila siku ananiambia yuko kazini?

Nikajua ni sponsa, wale wazee wanaolea wasichana wa wenyewe kwa vocha na chipsi. Nikasema huyo atanitambua.

Kesho yake Lavender akaaga kwamba anaenda kazini, zamu ya mchana. Nikampa dakika tano, nikachukua boda, nikamfuata hadi Mwala. Nilijifunga leso usoni. Yule wa boda akaniuliza kama naumwa jino. Nikamwambia endesha.

Lavender akashuka karibu na boma moja lenye ua wa miiba. Akaingia kwa lango kama mtu aliyezoea. Mimi nikazunguka nyuma, nikapenya kwenye ua, miiba ikabaki na kipande cha sketi yangu. Sijakaa sawa, nasikia nyayo zinakuja upande wangu.

Pa kujificha palikuwa mahali pamoja tu. Lile tangi. Mlango wake wa duara ulikuwa umetazama uani.

Nikaingia kichwa mbele, na mwili huu wa miaka arobaini na tisa. Ndani kulikuwa na joto la kuoka mkate na harufu ambayo sitaieleza. Yule mbuzi akasogea kidogo kunipisha. Alikuwa na adabu kuliko wanaume wengi niliowahi kuwajua.

Ndipo nikaisikia. Chafya. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu, "Ai, kifua changu."

Ndugu zangu, unaweza kusahau sura ya mtu. Lakini chafya iliyokuamsha miaka mitano kitanda kimoja, hiyo huisahau.

Munyao.

Si Taveta. Mwala! Mwendo wa saa moja kutoka kwangu! Na binti yangu yuko naye!

Nilitaka kupiga nduru, nikaiuma leso.

"Nimesikia unataka kuja Jumamosi," Lavender alisema.

"Si ndio. Ntheo ya msichana wangu italiwa na Kiema? Kiema anajua nini na mbuzi? Baba ni mimi. Desturi ni desturi."

"Baba wa nani?"

"Wewe msichana, usinijibu hivyo."

"Umewahi kujua nilikuwa darasa la ngapi? Nilipofanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, ulikuwa wapi?"

Munyao akakohoa. "Mambo ilikuwa mingi."

"Sawa. Sikukuja kugombana. Nimekuja kukuomba kitu kimoja." Nikamsikia akivuta pumzi. "Mama alikuzika vizuri sana. Aliniambia ulikuwa mpole. Aliniambia ulikuwa unaniimbia, ukaninunulia viatu nyekundu. Huyo mtu nampenda. Wewe sikujui. Kwa hivyo nakuomba, tafadhali, endelea kufa."

Munyao akakohoa tena, lakini Lavender akaendelea.

"Na mama asijue tunajuana. Ameteseka sana kukufanya mtu mzuri. Akijua nilikuja nikakupata, itamvunja."

Hapo ndani ya tangi machozi yalikuwa yananitoka pamoja na jasho, sikujua lipi ni lipi. Yaani miaka yote hiyo mimi namficha, na yeye ananificha.

Simu yangu ikaita.

Kengele ya kanisa hailii vile. Nikaipapasa nizime, kidole kikagusa pasipofaa, sauti ya Nimco ikajaa tangi lote ikatoka nje:

"Mama Lavender! Umempata huyo mzee? Mpige! Mpige na kiatu!"

Mbuzi akatoka mbio. Watoto wake wakafuata. Mimi nikafuata kinyumenyume, matako mbele ya kila kitu, mbele ya mume wangu marehemu.

Nikasimama. Nikapangusa magoti.

Munyao akaniangalia. Amekuwa na mvi na kitambi kidogo. Miaka ishirini na mbili hatujaonana. Unajua neno la kwanza aliloniambia?

"Kamanthe? Unafanya nini kwa tangi yangu?"

Nilikuwa na hotuba. Naapa nilikuwa nayo, nimeipanga miaka mingi nikikata vitambaa. Ikayeyuka yote. Nikamwambia tu, "Munyao, umesikia mtoto. Kufa vizuri," nikamshika Lavender mkono tukatoka kwa lango, kama watu.

Barabarani hatukupanda kitu. Tulitembea. Vumbi na jua.

"Ulijua lini?" nikamuuliza mwishowe.

"Nikiwa kumi na nane. Nikitafuta kitambulisho. Waliniambia nilete cheti cha kifo cha baba, ukasema kiliungua. Nikaona nisikusumbue, niende kwa ndugu yake aliyehamia huku Mwala anisaidie."

"Halafu?"

"Akacheka. Akaniambia, 'Cheti cha kifo? Munyao alirudi kitambo. Ako hapo nyuma anakamua mbuzi.'"

Nikasimama katikati ya barabara.

"Nikaenda hapo nyuma. Akaniuliza mimi ni wa nani. Nikamwambia. Akasema nimekuwa mkubwa. Halafu akaendelea kukamua."

"Akaendelea?"

"Mwaitu, hakuacha hata chuchu moja."

Mtoto wangu akiniita mwaitu, mama kwa Kikamba chetu, ujue ni mambo ya ndani kabisa.

Na hapo nikakumbuka. Mwaka huo Lavender alirudi nyumbani siku moja akalala siku mbili, uso ukutani, hataki chakula. Nilimpa dawa ya malaria. Mtoto amekutana na jambo baya kuliko yote niliyowahi kumkinga nayo, na mimi nimesimama hapo na kijiko na dawa, namwambia meza haraka, ni chungu kidogo tu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi? Kila ukisimulia vile alikuwa mzuri, wewe ndiye ulikuwa unalia. Mimi nilikuwa nakubembeleza wewe."

Hilo lilinipiga kofi. Kwa kweli nilikuwa nafikiri ile hadithi nilimtungia yeye.

Jumamosi ikafika. Munyao hakuja. Katika maisha yake yote hilo ndilo ombi pekee alilotimiza.

Wageni walikuja na mbuzi watatu wanene. Wakaketi. Watu kama thelathini, muthokoi ya mahindi na maharage imeiva, Nimco amekuja na pilau yake na buibui mpya. Mzee mmoja wa upande wa Mulwa akaomba tuanze kwa kumkumbuka marehemu baba wa binti.

Wote wakainamisha vichwa. Nikashindwa.

"Ngojeni kwanza," nikasema.

Kiema alijua ninachotaka kufanya. Akaninong'oneza kwa hasira, "Kamanthe, mbuzi wako nje, wageni wameketi, na wewe unataka kufufua watu?"

Nikasimama hivyo hivyo.

Nikasema yote. Ndizi, Taveta, lori ambalo halikuwahi kuwako. Nikasema aliye hai ni hai hata akiwa bure. Nikasema kama watu wa Mulwa wanaona wamedanganywa, mbuzi bado wana miguu, wanaweza kurudi.

Lavender alikuwa ananiangalia kwa macho makubwa, sijui kama ni hasira au ni nini. Nikahisi nimemharibia ndoa kwa mdomo uleule niliomuua nao baba yake.

Basi mama yake Mulwa akainuka. Anaitwa Kaluki, mwanamke mkubwa wa kanisa, kitambaa kichwani kimekaa kama kimepigiwa rula. Nikajua ameinuka kuondoka.

"Mama Lavender," akasema, "keti. Umesimama vya kutosha."

Nikaketi.

Yeye akabaki amesimama. Akashusha pumzi.

"Wangu pia hakufa na presha. Ako Ekalakala. Anauza mbegu."

Mulwa akaweka sahani chini. "Mum? Ati nini?"

"Ni hivyo, baba."

"Na ile kaburi? Si tunaifagia kila Desemba! Si juzi nimeipaka rangi!"

"Hiyo ni ya binamu ya babu yako. Hakuwa na mtu."

Sijui ni nani alianza kucheka. Nadhani ni Nimco, alijifunika na buibui lakini mabega yalimsaliti. Kisha wazee. Kisha Kiema, aliyekuwa amekataa kufufua watu, akacheka hadi akashika ukuta.

Mulwa hakucheka. Alitoka nje.

Lavender akamfuata bila kuniangalia. Kupitia dirisha niliwaona wameketi juu ya madebe yaliyopinduliwa. Kijana wa watu alikuwa analia kama mtoto, na binti yangu amemwekea mkono mgongoni, hamwambii kitu. Kaluki akaja akasimama kando yangu. Naye akatazama.

"Wangu alienda kwa babake peke yake," nikamwambia. "Mtoto wa miaka kumi na nane. Alirudi peke yake pia."

Kaluki alinishika mkono hadi vidole vikauma.

Mbuzi waliliwa. Ndoa ipo.

Wiki mbili baadaye Mulwa akasema anataka kumwona babake. Safari hii hakuna mama aliyetunga kitu. Tulikodi gari: Mulwa, Lavender, Kaluki na mimi. Njiani Kaluki alimwambia mwanawe ukweli wote, hata ule wa kuaibisha. Akamwambia, "Labda atafurahi kukuona. Labda hatafurahi. Simjui tena."

Tulimngoja Mulwa nje ya duka la mbegu, karibu na soko. Yule mzee aliinua macho akamwona kijana mrefu mlangoni.

"Karibu, bosi. Tuko na mahindi ya msimu mfupi."

Mulwa akamwambia yeye ni nani. Hatukusikia jibu, lakini tuliona mzee akigeuka kupanga pakiti ambazo tayari zilikuwa zimepangika.

Mulwa akatoka. Mama yake alikuwa ameshafungua mlango wa gari. Lavender akampisha aketi katikati yetu. Hakuna aliyemwambia atasahau, hakuna aliyemwambia Mungu ana mpango. Tulimwachia alie hadi alipochoka, kisha akasema ana njaa.

Wazazi wenzangu, mimi sina digrii ya malezi, na mliosoma mtanirekebisha. Nilijaribu kumficha mtoto wangu maumivu, yakampata hata hivyo, na nilichofanikiwa kumficha ni mimi mwenyewe, siku aliyonihitaji. Mwambie mwanao ukweli wa saizi yake, halafu kaa karibu.