Tumbo Langu na Njia ya Aveba

Enzi zetu pale Bunia, mtoto aliyeweza kupanda gari na kushuka na nguo safi alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Mimi sikuwa mmoja wao. Ilikuwa ile miaka bunduki zilipotulia kidogo, barabara zikaanza kufunguka moja moja, na watu wakawa wanakwenda kutazama ndugu zao kama bado wako. Wenzangu walirudi shuleni na hadithi za ng'ombe wa wajomba zao na ndizi zilizoivia mgombani. Mimi nilikuwa na hadithi za kutapika tu.

Mama alinijaribia dawa zote za majirani. Nilinusa maganda ya machungwa. Nilitafuna tangawizi mpaka machozi yakanitoka. Nilifungwa gazeti tumboni chini ya shati, eti linazuia roho kupanda, nikawa nalia kwacha-kwacha kila nilipoinama. Jirani mmoja alisema nisafiri bila kula. Mwingine akasema hapana, nishibe bugali na sombe ya majani ya muhogo vizuri, tumbo liwe zito lisipate kutembea. Tulimsikiliza huyu wa pili. Yaliyotokea siku ile sitaki kuyaeleza hata leo.

Shida ni kwamba koko wangu, mama ya baba, alikaa Aveba. Vita ilimkuta huko, siye ikatukuta Bunia, na kwa miaka nilimjua kwa salamu za wapita njia: koko yenu iko muzima, analima, anawauliza. Sura yake nilikuwa nimeisahau. Barabara ilipoaminika, mama akanipandisha gari la abiria. Hata mji haujapotea nyuma yetu, nilikuwa nimechafua gunia la chumvi la mzee mmoja na sketi ya dada aliyevaa kwenda harusini. Watu wakapiga kelele. Dereva akasimama.

"Mama, shuka na mutoto yako. Hii gari haiko hospitali."

Tulirudi kwa miguu, mama na mzigo kichwani, mimi nyuma nikilia njia nzima. Hakunigombeza. Alisema tu, "Nyamaza, Furaha. Koko iko. Tutafika."

Baada ya majuma mawili baba akaazima pikipiki ya rafiki yake. Baba alikuwa mwalimu, mtu wa maneno machache, ambaye darasa zima lilisimama akiingia na hakuna aliyethubutu kukohoa. "Pikipiki iko na hewa," alimwambia mama. "Atatazama mulima, hatatazama chini." Akanifunga mgongoni mwake kwa kikwembe, kitenge cha mama cha kubebea, mtoto mkubwa wa miaka tisa, nisije nikaanguka nikilegea.

Ile safari bado ninaisikia puani: nyasi zilizochomwa, udongo mwekundu uliolowa, na sabuni kwenye shingo ya baba. Hewa ilisaidia, lakini si sana. Karibu kila kilima nilimgonga bega, naye akazima mashine bila kuuliza. Alinishusha, akanishika paji la uso nikiwa nimepiga magoti kwenye majani, kisha akanipa maji ya kusukutua.

"Bado?"

"Bado, baba."

Basi tunangoja. Motari wa siku hizi, hawa wanaobeba watu kwa pikipiki, ungemgonga bega namna ile, angekuuliza kama unataka kumwangusha. Na watoto wa siku hizi! Watatu juu ya pikipiki moja, mmoja anakula mikate, mmoja anajipiga picha, wa katikati amelala. Matumbo yao sijui yametengenezwa na nini.

Mbele tukakuta kamba imefungwa toka mti mpaka mti. Bariyeri. Shavu langu lilikuwa mgongoni mwa baba, nikasikia mgongo ule unakuwa mgumu kama ubao. Siku zile kamba ilikuwa ileile, lakini hukujua leo imeshikwa na nani, wala ameamka vipi. Askari mmoja kijana akaja, bunduki kifuani, akatuzunguka.

"Mutoto mukubwa hivi, unamubeba mu mugongo kwa nini? Unaficha nini mu kikwembe?"

Baba akafungua fundo. Nikashuka, nikasimama mbele ya yule askari, nikataka kumwamkia kama nilivyofundishwa. Nilipofungua kinywa salamu haikutoka. Nilimtapikia juu ya viatu.

Askari wenzake waliokaa kivulini waliinuka. Halafu nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona maishani: baba yangu, mwalimu, akapiga magoti kwenye vumbi, akatoa kitambaa chake cheupe cha mfukoni, akaanza kupangusa viatu vya kijana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wake.

"Unisamehe, shefu. Hana ugonjwa. Ni safari njo inamufanyaka hivi. Unisamehe."

Askari akamtazama. Akanitazama mimi. Nakumbuka alikuwa na kidonda kidogo mdomoni.

"Muzee, simama," akasema. "Simama, usinifanyie hivyo." Akarudi nyuma hatua moja, akang'oa majani, akajifuta mwenyewe. "Na miye nilikuwaka hivi. Mama yangu alinitiaka ndimu mu kinywa, na nilitapika tu pamoja na ndimu." Wenzake wakacheka. Akawapigia mkono washushe kamba. "Muende. Muende mbio."

Tulikwenda. Tulipovuka kilima cha kwanza baba akasimamisha pikipiki, na mimi sikuwa nimemgonga bega. Akafungua kikwembe, akaniweka chini, akaingia kwenye majani hatua tatu, akainama. Nikamsikia. Sikujua kama baba naye anaweza kutapika. Nilimfuata, nikanyoosha mkono, nikamshika paji la uso. Lilikuwa baridi, limelowa jasho.

"Bado?" nikamuuliza.

"Bado," akasema.

Tukangoja pale, mimi na yeye, mpaka akainuka. Kisha akasukutua, akanawa uso, akafunga kikwembe upya. "Koko asijue," akasema. Hakujua. Yeye alinipokea kwa vigelegele, akanishika mashavu akitafuta sura ya mwanawe, na alipoambiwa jinsi nilivyotapika alicheka mpaka akakaa chini. "Hiyo tumbo ni yangu! Siye na gari hatupatanake!" Nililala kwenye mkeka wake majuma matatu. Nilikula maharagi yake na mawese. Nilijifunza wimbo wake wa kufukuza ndege shambani, na nikalala kifuani mwake kila jua lilipokuwa kali nje na yeye anapumzika.

Baba na koko wote wamelala huko Aveba sasa. Ile njia inafungwa, inafunguliwa, inafungwa tena, na siye wa Bunia tumezoea kuuliza habari zake asubuhi kama watu wanavyouliza habari za mgonjwa. Kiangazi kilichopita ilifunguka kidogo, nikamchukua mwanangu tukasafishe makaburi. Tulipanda gari zuri lenye vioo vinavyofungwa. Tumbo langu lilikaa kimya, lilikwisha kunyamaza zamani sana. Mwanangu alitia vitu vyake masikioni tukiwa bado mjini, akalala, akaamka tumefika.

"Ndiyo hapa?" akaniuliza. "Kumbe si mbali."

Yeye alikuja bila kuiona njia, na ndivyo kila mama anavyomwombea mtoto wake. Mimi ninaijua kilima kwa kilima, nyasi zake na mawe yake, kwa kuwa kila kilima nilikipigia magoti nikiwa nimeshikwa na baba. Na ningeanza tena leo, toka kilima cha kwanza, nimefungwa kikwembe mgongoni mwa baba.