Ngumi Kabla ya Amina

Nilipigwa ngumi ya mdomo kabla hatujafika amina.

Nilikuwa nimefumba macho, so sikuiona ikikuja. Nilianguka juu ya ndoo, jino moja likabaki kwa ulimi.

Naitwa Marion, nesi. Nafanya kazi kwa kliniki ya figo hapa Eldoret, tunaosha damu kwa mashine. Asubuhi, wagonjwa wakishawekwa kwa mashine, tunaomba pamoja. Na kengele ya mashine ikilia tukiomba, yeyote aliye karibu alikuwa anaibonyeza inyamaze, maombi yasikatizwe. Tulikuwa tumezoea hivyo.

Aliyenipiga ni Edwin, jamaa mkubwa wa mwili, mtoto wa Mama Waiyego, mgonjwa wetu kutoka Burnt Forest.

"Mnaomba na mathe anakufa?"

Hapo ndio niliona damu ikitiririka kutoka chini ya blanketi ya Mama. Sindano ya kumrudishia damu ilikuwa imechomoka kwa mkono, na hiyo blanketi nzito ilikuwa imeficha kila kitu. Mashine bado ilikuwa inasukuma. Damu yake yote ilikuwa inamwagika kwa sakafu.

Nilitambaa, nikazima mashine, nikakandamiza tundu la sindano na vidole gumba vyote viwili.

"Mama, niangalie. Usilale."

Midomo ilikuwa imeisha rangi.

Nyuma yangu Edwin alikuwa ameshika Vincent, fundi wetu wa mashine, kwa shingo. Alimgongesha kichwa kwa ukuta, akarudia. Ule mlio bado nausikia.

Halafu akabeba chuma ya kutundikia dripu.

"Nani alizima kengele? Sema ama nikumalize."

"Bro, si mimi," Vincent akasema, damu ikimwingia kwa jicho.

Chuma ikashuka. Vincent akakinga na mkono, na mkono ukavunjika nikiona. Wagonjwa wengine walikuwa wanalia, wamefungwa kwa mashine zao, hawawezi kukimbia. Na mimi nikitoa kidole tu, Mama anaenda. Niliogopa, wacha nisiwadanganye.

Daktari Eddah alikuja mbio, akapiga magoti kwa ile damu, akamwekea Mama dripu ya maji kwa mkono ule mwingine.

Tukangoja. Mama akafungua macho.

"Edwin, wachana na huyo mtoto wa watu."

"Mum, ndiye alizima."

"Ni wewe. Ililia ukabonyeza, ikalia tena ukabonyeza tena. Wote walikuwa wamefumba macho. Mimi sikuwa nimefumba."

Edwin akaangusha chuma. Akaanza kugonga kichwa chake mwenyewe kwa ukuta, kwa nguvu, na ni Vincent alimshika na ule mkono mzima.

Alidhani yeye amenyamazisha kelele tu, na kuna mwingine aliyeizima kabisa. Hakujua kengele ikilia mashine inasimama, na ukibonyeza mara ya pili inaendelea kusukuma. Na tulimfundisha sisi. Miezi yote amekaa kando ya mamake akituona tukinyamazisha kengele kama mtu anafukuza nzi.

Mama alipona. Mkono wa Vincent haujawahi kunyooka vizuri.

Siku hizi mikono ya wagonjwa inakaa nje ya blanketi, hata baridi ya Julai ikuje. Kengele ikilia, anayeomba ananyamaza kwanza. Mungu atangoja, damu haingoji.

Na wewe ukileta mgonjwa wako kwetu, karibu sana. Lakini ukinyoosha kidole kwa mashine yangu, nakichapa, halafu ndio nakusalimia.