Jumapili ya Arobaini na Moja

Wapo wanaojutia walichoiba na wapo wanaojutia waliyemtukana. Mimi najutia kugawanya mia mbili na sabini kwa saba.

Nilikuwa msichana wa kwanza kijijini kwetu kumaliza darasa la nne pale misheni, na kilichonipa kiburi ni hesabu. Kijiji chetu kilikuwa kando ya njia ya zamani ya misafara, mwendo wa asubuhi moja kutoka Tabora. Wazee waliobeba pembe hadi pwani walikuwa bado hai, wakiota jua mbele ya nyumba zao, na wao safari waliihesabu kwa vituo vya kulala. Niliwaona washamba. Nilikuwa na kibao na chaki, nikadhani mwenye chaki hakosei.

Mwaka uliofuata mchumba wangu alijiandikisha manamba, aende akakate mkonge pwani. Alitaka cherehani. Hakutaka baiskeli wala bati la nyumba; alitaka cherehani akae nayo kwenye baraza moja pale Ng'ambo, mtaa wa Tabora, ashone kanzu za Waarabu na magauni ya wake zao, nami nisizeekee kwenye jembe kama mama yangu. Mwandikishaji alimwambia mkataba ni vipande tisa. Kipande kilikuwa kadi yenye vyumba thelathini: kila siku unayofanya kazi msimamizi anajaza chumba kimoja, na kadi ikijaa umemaliza kipande. Alinieleza hayo siku ya kuagana. Hakujua kusoma wala kuandika.

"Utarudi lini?" nikamwuliza.

"Vipande tisa vikiisha. Zaidi ya hapo sijui."

"Nenda. Mimi nitakuhesabia."

Nikahesabu. Tisa mara thelathini, siku mia mbili na sabini. Gawanya kwa saba, wiki thelathini na nane na siku nne, nikaziita thelathini na tisa. Wiki moja ya kwenda na kupangiwa kazi, wiki moja ya kurudi. Jumla arobaini na moja. Nilirudia mara tatu, na mara zote jibu likawa lile lile.

Baba yangu hakuwahi kusikiliza neno langu juu ya jambo lolote, la shamba wala la ng'ombe, na hata kuposwa kwangu nilikusikia kwa watu. Siku hiyo alisikiliza. Alikiangalia kibao ambacho hakuweza kukisoma, akaniuliza kama nina hakika, nikasema ninayo. Akaenda kumwambia katekista, akawaambia ndugu zake, akamwambia na rafiki yake mgane wa kijiji cha jirani, mtu mkimya aliyewahi kuishi pwani ujanani. Wote wakasema vizuri, Jumapili ya arobaini na moja. Bibi peke yake alinuna.

"Babu yako alipokwenda pwani hatukumwekea siku," alisema. "Tulimwekea chakula."

Nilimcheka. Mdomo uliniponza kichwa.

Kila Jumapili nikitoka kanisani nilichora mstari wa mkaa kwenye ukuta wa ghala. Mistari ilipofika arobaini mama akaanza kupika pombe ya mtama, baba akatenga mbuzi wawili. Jumapili yenyewe watu walikuja tangu asubuhi. Walikula mbuzi, wakanywa pombe, wakatazama njia. Jua likashuka, na bwana harusi hakutokea. Shangazi mmoja alicheka kwa sauti kubwa makusudi nimsikie. Mgane naye alikuwepo, amekaa karibu na baba, anakunywa polepole.

Tukangoja Jumapili ya pili, tukangoja ya tatu. Katikati hapo akapita mtu aliyerudishwa kutoka mkonge kwa maradhi. Tukamwuliza, akasema alimwona mchumba wangu sokoni huko, mzima kabisa, tena anacheka. Hayo tu. Kwa baba yalitosha.

"Ameoa pwani," alisema.

Nikamwomba tungoje kidogo.

"Tungoje nini? Si wewe uliyesema arobaini na moja? Leo hesabu yako imekuwa ya uongo?"

Kusema nimekosea nilishindwa, maana sikuliona kosa, na kiburi changu hakikuniruhusu kulitafuta. Mgane akaleta posa, baba akaikubali. Kanisani tangazo la ndoa husomwa Jumapili tatu, nalo likasomwa ya arobaini na nne, ya arobaini na tano na ya arobaini na sita. Jumatatu nikaolewa. Hesabu hiyo haikukosea hata siku moja.

Ijumaa ya wiki ile ile mchumba wangu alishuka kwenye treni Tabora, akaja kwa miguu hadi kwetu na cherehani kichwani. Bibi ndiye aliyenisimulia. Alisema baba alimweleza akiwa amesimama mlangoni, wala hakumkaribisha ndani. Kijana hakugombana. Alitoa kadi zake tisa, akaziweka juu ya mkeka, akajitwika cherehani akaondoka bila kunywa maji.

Jumapili baada ya misa baba akatuita, mimi na mume wangu. Kadi zilikuwa bado pale pale kwenye mkeka.

"Amepoteza siku wapi?" baba akaniuliza. "Wewe ndiye mwenye hesabu."

Nikazigeuza moja baada ya nyingine. Nilitafuta siku aliyougua, siku aliyolala, siku aliyokwenda kwa mwanamke wa pwani. Sikuona chumba kitupu hata kimoja.

"Sioni, baba."

Mume wangu alikuwa amekaa kigodani anakunywa uji. "Kipande hakina Jumapili," akasema, kama mtu anayeomba chumvi. "Jumapili hakuna kazi, na chumba hakijazwi. Wiki ni siku sita. Hata nilipokuwa manamba mimi ilikuwa hivyo hivyo."

Nikagawanya kwa sita. Arobaini na tano, haibaki kitu. Ongeza mbili za njiani, arobaini na saba. Siku ile ilikuwa Jumapili ya arobaini na saba. Mimi niliyezichora Jumapili zote kwa mkaa na kuzisali zote, ndizo hizo nilizozisahau. Naye hakuchelewa. Alifanya kazi bila kukosa hata siku moja, ili awahi.

"Ulijua?" baba akamwuliza.

"Hakuna aliyeniuliza," mume wangu akajibu, akamaliza uji wake.

Niliishi naye mpaka kifo chake, nikamzalia watoto watano. Hakuwahi kunipiga wala kuninyima chakula, na wanawake wenzangu walisema nina bahati. Sikumsamehe, wala sikumsamehe baba, na msichana yule wa chaki namchukia hadi leo. Kule Ng'ambo yule kijana alipata baraza lake na wateja wengi, kwa sababu alishona vizuri. Mume wangu naye alipeleka kitambaa chake kwake, akashonewa shati jeupe la kanisani. Alilivaa kila Jumapili. Aliyelifua ni mimi, kila Jumamosi.