Tulishika Dumu Moja

Nilikaa majini saa sita na mwanamke mmoja, tumeshika dumu moja la lita ishirini.

Alinisimulia maisha yake yote.

Wavuvi walipokuja kuniokoa, nilikuwa peke yangu.

Watu wote wanajua alizidiwa na uchovu. Hata mchungaji alisema hivyo kwenye ibada ya shukrani, na mimi nimekaa benchi la mbele, naitikia amina.

Leo naandika kilichotokea. Nimechoka kukibeba. Mkimaliza kusoma, mnihukumu mnavyotaka.

Naitwa Annastella. Ni fundi cherehani, naishi Nshambya, Bukoba.

Mume wangu Elieza alikwenda kuvua kisiwani Goziba. Aliaga kwamba ni miezi mitatu. Ikawa miaka sita.

Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili. Baadaye mara moja kwa mwezi. Mwisho nikawa naongea na yule dada wa mtandao tu, mteja hapatikani.

Nilibaki na mama yake. Tulilima kibanja cha migomba pamoja, tukala sahani moja, na jina la Elieza hatukulitaja. Kila mmoja alimhurumia mwenzake.

Mwezi wa nane, miaka mitatu iliyopita, mama mkwe akaanguka shambani. Akapooza upande mmoja. Siku ya tatu akaniita, maneno yanamtoka kwa shida.

"Mwana wange, niletee Elieza. Nimuone, ndo niende."

Ningekataaje?

Nimezaliwa naliona ziwa kila siku, lakini sikuwahi kuingia zaidi ya magoti. Boti nilikuwa sijawahi kupanda. Nikafunga safari hivyo hivyo.

Goziba sikuhangaika kumtafuta. Vibanda vya mabati vimebanana, dagaa wameanikwa kila mahali, muziki unapigwa tangu asubuhi. Nilitaja jina tu, nikaonyeshwa.

Elieza alinitazama kama mtu aliyeona maiti inatembea.

"Annastella! Umefikaje huku?"

"Mama anakufa. Anakuita."

Akakaa chini, akalia. Mwanaume mzima, jamani, analia kwenye mchanga mbele ya watu. Hasira yote niliyokuja nayo ikayeyuka.

"Kesho asubuhi kuna boti," akasema. "Tunaondoka wote."

Hakunipeleka kwake. Alinitafutia chumba gesti, akasema yeye anaishi na wavuvi wenzake, mahali penyewe hapafai mwanamke. Niliamini. Au tuseme nilitaka kuamini.

Asubuhi alinibebea mkoba mpaka mwaloni, pale boti zinapopakia. Akanikalisha mbele, juu ya magunia ya dagaa.

"Wewe kaa hapa, kuna hewa. Mimi nakaa nyuma karibu na injini, na wenzangu."

Aisee, ile boti ilijaa. Watu, magunia, magodoro, kuku. Aliyekaa mbele hamuoni wa nyuma. Maboya ya kuvaa yalikuwepo, ila yamefungwa kamba moja, na magunia yamepangwa juu yake.

Kushoto kwangu alikaa mzee mmoja mshona nyavu, Ta Mwijage, yaani Mzee Mwijage. Alikuwa anarudi Buhembe baada ya miaka kumi na moja. Akanionyesha picha ya nyumba kwenye simu, bati jekundu, milango bado mipya.

"Nimeijenga kwa simu hii hii," akacheka. "Natuma hela, natumiwa picha. Sijalala humo hata siku moja."

Kulia alikaa binti anaitwa Joyness. Alikuwa anakwenda Kamachumu kutambulishwa kwa wakwe. Gauni la sherehe alishalivaa kabisa, amejifunga kitenge juu lisichafuke.

"Dada, wakwe zako walikuwaje siku ya kwanza?" akaniuliza.

"Waliniangalia miguu," nikamjibu. "Mguu ukiwa na matope wanajua unalima."

Ta Mwijage alicheka mpaka akakohoa.

Katikati ya boti kulikuwa na mwanamke wa kanga ya bluu. Alinitazama sana. Nikampa salamu ya kichwa. Akageuka.

Kama saa tatu asubuhi hivi upepo ukabadilika. Wimbi la kwanza likatulowesha, watu wakacheka. La pili hakucheka mtu. Injini ikakohoa, ikazima, boti ikageuka ubavu.

"Kaeni chini! Kila mtu akae chini!" nahodha alipiga kelele.

Nani akae? Watu waliinuka wote, wakakimbilia upande mmoja.

Ikapinduka.

Kule chini palikuwa kimya. Hicho ndicho ninachokikumbuka. Juu nilikuwa nimeacha mayowe, chini kimya kabisa, maji ya kijani. Gauni la Joyness lilipita mbele yangu limefumuka kama mwavuli, likaendelea kushuka. Sikumuona tena.

Nikaibuka, nikazama tena, sijui mara ngapi. Halafu mkono ukanikamata nywele, ukanivuta juu.

"Usinishike mimi! Shika dumu! Dumu!"

Alikuwa yule mwanamke wa kanga ya bluu.

Nilitapika maji mpaka nikaona giza. Yeye akavua kanga yake mlemle majini, akanifunga mkono wangu kwenye mpini wa dumu, fundo mara mbili.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Mimi mtoto wa Ujiji. Maji nayajua. Ila boti ilinipiga mbavuni, kupumua ndo kazi."

Mkondo ulikuwa unatuvuta. Mwanzoni tulisikia watu wakiita Mungu, wengine wakiita mama zao. Baadaye sauti zikawa chache. Baadaye zikaisha.

Kufika saa sita mchana tulikuwa wawili tu, na jua, na maji.

"Mwenzangu," akasema, "tukisinzia tumekwisha. Tuongee. Ukinyamaza nitakuita. Nikinyamaza uniite."

Tukakubaliana hivyo.

Tukaongea. Nikamweleza kuhusu cherehani yangu na kwaya. Yeye alikuwa anaitwa Ashura. Alifika Goziba akimfuata mwanaume aliyemtelekeza ndani ya wiki mbili, akaanza kukaanga samaki ili asife njaa.

Kuna wakati godoro lilipita linaelea, na juu yake kuku mmoja amesimama, ametulia kama abiria aliyelipa nauli. Tulicheka mpaka Ashura akashika mbavu akilia kwa maumivu.

"Mwenzangu, uko macho?"

"Niko macho."

"Mwenzangu?"

"Niko macho, Ashura."

Muda wote huo nilikuwa namuombea Elieza moyoni. Mungu, ameshika kitu? Mungu, mfikishe kwa mama yake.

Saa nane ikawa imepita. Midomo yake ilikuwa imekuwa myeupe. Akaanza kusema polepole, ananiangalia usoni.

"Nina mtoto wa miaka minne. Zuhura. Nimemwacha kwa jirani kisiwani. Nilikuwa naenda na baba yake kumuona bibi yake, anaumwa sana."

"Wapi?"

"Nshambya."

Nikalikumbatia dumu.

"Baba yake aliniambia nikae katikati," akaendelea. "Yeye alisema anakaa nyuma karibu na injini, na wenzake."

"Anaitwa nani?"

Nilishajua. Niliuliza tu.

"Elieza."

Jamani.

Miaka sita nakula sahani moja na mama yake. Miaka sita nafumua na kushona nguo za watu ili dawa za yule mama zisikose. Na huyu hapa, mbele ya pua yangu, anasema neno Elieza kama lake.

Sikumsukuma. Naapa mbele za Mungu, sikumgusa.

Nilinyamaza tu.

"Mwenzangu, uko macho?"

Nilimsikia. Nikageuza uso nikaangalia upande mwingine.

"Mwenzangu?"

Kimya.

Akaita mara ya tatu, sauti ndogo sana. Halafu naye akanyamaza.

Hapo ndipo ilikuwa zamu yangu kumuita. Ndiyo makubaliano yetu. Nami nikasema moyoni, acha na yeye akae na kimya chake, aone kinavyouma.

Sijui zilikuwa dakika ngapi. Kumi. Kumi na tano.

Nilipogeuka, upande wa pili wa dumu hapakuwa na mtu.

"Ashura!"

Maji yalikuwa yametulia, huwezi kuamini ni yale yale ya asubuhi.

"Ashura! Ashura!"

Nilitaka kumfuata, sijui nimfuate vipi, lakini nilitaka. Mkono haukutoka. Ulikuwa umefungwa fundo mara mbili kwa kanga yake.

Saa tisa wavuvi wa sangara wakaniona.

Tuliotoka hai tulikuwa kumi na mmoja.

Kwenye mwalo wa kule Muleba walikokuwa wanaletwa maiti, nilikaa siku mbili namtafuta Elieza. Walifunua turubai moja baada ya jingine. Ta Mwijage alikuwepo, ndugu zake wa Buhembe wakaja kumchukua. Alilala kwenye nyumba yake usiku mmoja, ndani ya jeneza, ndipo wakamzika.

Siku ya pili jioni wakafunua turubai, nikamuona Ashura.

"Mama, huyu unamjua?" askari akaniuliza.

Nikamtazama. Amefumba macho kama amesinzia.

"Simjui," nikasema.

Alizikwa na Waislamu wa pale kama mtu asiye na ndugu. Wasamaria wema, Mungu awabariki. Mimi nilisimama mbali, nyuma ya gari.

Siku ya tatu simu ya askari aliyekuwa anaandika majina ya waliookoka ikaita, akanipa. Inapigwa kutoka Goziba.

"Annastella? Uko hai?"

Ilikuwa sauti ya Elieza.

Nilidhani nimechanganyikiwa. "Wewe... umeokolewa wapi?"



"Sikupanda."

"Unasemaje?"

"Nilikaa nyuma ya vichanja vya kuanikia dagaa mpaka boti ikapotea. Niliogopa, Annastella. Ningesimama vipi na nyinyi wawili mbele ya mama? Nilijua mtajuana huko huko njiani."

Nilikata simu. Mama yake alikufa wiki ile ile, macho yako mlangoni. Elieza hakuja mazishini. Nasikia alihamia kisiwa kingine. Sijamtafuta.

Kwa hiyo tulikuwa majini, wake wawili, tunamuombea mtu aliyekuwa amekaa nchi kavu, kivulini.

Mkidhani hapo ndipo mwisho, na mimi nilidhani hivyo.

Nikarudi kwenye cherehani yangu. Lakini kukaa kimya nikawa siwezi. Mchana kweupe, niko kibanjani napalilia, migomba imetulia, hakuna hata jani linalotikisika, nasikia mtu nyuma yangu.

"Mwenzangu, uko macho?"

Nageuka, hakuna mtu.

Nikawa nawasha redio tangu asubuhi mpaka nalala. Naongea na nyuzi, naongea na pasi. Wateja wakaanza kunong'ona kwamba ziwa limemrudisha Annastella nusu.

Miezi miwili ikapita. Siku moja akaja mwanaume wa makamo, anachechemea. Akajitambulisha kuwa ni Ildefons, msaidizi wa nahodha wa ile boti. Alikuwa anazunguka kutoa pole kwa kila nyumba.

"Pole waitu, dada yetu, Ma Annastella. Na pole kwa mwenzako Ashura."

Mkasi ulinitoka mkononi.

"Mwenzangu nani? Ulijuaje kama nilikuwa naye?"

Akanishangaa.

"Si alikufuata wewe. Sisi wanne tulikuwa tumepata ubao mkubwa, tukampandisha na yeye, wa tano. Ameumia mbavu tayari. Nikamwambia tulia hapa, boti nyingine zinakuja. Akaangalia huko, akasema, 'Yule mke mkubwa wa Elieza hajui kuogelea. Namuona anazama.' Akachukua dumu, akaondoka."

Nilikaa chini.

"Alinijua?"

"Mama, Goziba hakuna siri. Jioni uliyofika, Ashura alishajua wewe ni nani. Tulimwambia asipande boti moja na wewe. Akasema mama mkwe ni mama mkwe, na wewe mtazungumza kama watu wazima."

"Na nyinyi wa kwenye ubao?"

Ildefons akainamisha kichwa.

"Tuliokolewa wote. Saa saba mchana."

Saa saba. Mimi na yeye wakati huo tulikuwa tunamcheka kuku.

Alinijua tangu aliponikamata nywele. Alinifunga kwa kanga yake akiwa ananijua. Na alipotaja Elieza huku ananiangalia usoni, hakuwa anapiga porojo. Alikuwa anahisi anakwenda, na ananikabidhi mtoto.

Nami nikageuza uso.

Wiki iliyofuata nilirudi kwa wale wazee wa msikiti kule Muleba. Nikawaambia, "Yule mliyemzika anaitwa Ashura, wa Ujiji. Nilidanganya." Hawakuniuliza kitu. Walinipa kipande cha ubao na rangi, nikaandika jina kwa mkono wangu.

Kisha nikapanda boti tena, ndiyo, nikaenda Goziba nimevaa boya njia nzima, nikamchukua Zuhura kwa yule jirani.

Sasa ana miaka saba. Anasoma hapa hapa Nshambya, ananiita mama. Ana macho ya mama yake, na ananitazama vile vile. Redio siku hizi siwashi sana, maana mtoto anaongea tangu anaamka.

Ile sauti bado inakuja. Safari hii naijibu. "Niko macho, Ashura." Sijui kama inatosha.

Juzi Zuhura aliniuliza, "Mama, mama yangu wa kwanza alisema nini mwisho?"

Nikamwambia, "Alisema jina lako."

Nimemdanganya mtoto. Ndiyo maana nimeandika hapa. Akikua nitampa asome mwenyewe, aamue kama nitaendelea kuitwa mama.

Nilichojifunza ni hiki, ndugu zangu. Kumbe unaweza usimguse mtu, usimtukane, na bado ukammaliza. Inatosha akuite, wewe ukageuza uso.

Mtu akikuita leo, hata kama ana kosa kubwa kama mlima, muitikie kwanza. Kesi mtazungumza mkifika nchi kavu.