Nilivyowekwa Rehani Nyakabuye kwa Kosa la Kufunga Maktaba

Niliondoka Kamembe kwenda Nyakabuye kwa sababu nilikuwa nimefunga maktaba ya chuo kizima. Sikutumia kufuli. Nilitumia kidole kimoja, halafu nikaenda kucheza mpira.

Nianze na dada yangu Mwamini. Yuko mwaka wa mwisho katika chuo cha kilimo hapa Kamembe, anaandika memwari yake, ile tasnifu ya kumaliza chuo, juu ya ugonjwa wa madoa unaokula mpunga wa bonde la Bugarama. Maktaba yao ina rafu mbili za vitabu na kompyuta sita, na moja kati ya hizo sita inapiga kelele kama jogoo mwenye mafua. Ukiiona utacheka. Usicheke. Chuo hicho kimejiunga na vyuo vingine vya nchi, vikubwa na vidogo, wakaunda muungano wa maktaba. Wanakwenda kwa wachapishaji wa ng'ambo kwa sauti moja, wanapata pamoja haki ya kusoma majarida ya kisayansi kwenye mtandao, na kila mwanafunzi anafungua kwa neno lake la siri. Chuo cha rafu mbili kinasoma yaleyale yanayosomwa na chuo cha ghorofa tano.

Jumamosi moja ya likizo nilimsindikiza. Nikamsikia Maman Esperansi, mkutubi wao, akisema kwenye simu, "Usajili wetu unaisha mwisho wa mwezi." Alikuwa anapanga kuuongeza, kama kila mwaka. Mimi niliishia kwenye neno "unaisha". Sisi vijana wa Kamembe tunajua kitu kinachoisha: ni mega za simu. Mega zikikaribia kufa hakuna mwenye akili anayeziacha zife bure. Unapakua chochote, hata video ya mtu anayemenya vitunguu.

Kwa hiyo dada alipotoka kuswali adhuhuri akaacha kompyuta wazi, nikachomeka kle yangu, ile flashi ya bluu, nikawasha kaprogramu kanakovuta kila kitu kilichoandikwa kwenye ukurasa, nikaenda uwanjani. Niliporudi, kle ilikuwa imeshiba. Magonjwa ya mpunga, uzazi wa samaki, minyoo ya mbuzi, vyote vimo. Nikampa rafiki yangu Amani, ambaye jioni ile alikuwa anarudi kwao Nyakabuye kumaliza likizo. Niliona nimetoa sadaka.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, maktabani Kamembe. Da Mwamini alinivuta kwa sikio mpaka mbele ya meza ya Maman Esperansi. Kwenye kompyuta zote sita kulikuwa na ujumbe mmoja: mlango umefungwa.

"Idi," Maman akasema polepole, "weye ni muntu ao masini?"

"Muntu, Maman."

"Bale ba ng'ambo banasema ni masini. Banasema hakuna muntu wa kusoma bintu elfu mbili saa moja. Banafikiri kuko roboti la wizi hapa Kamembe."

Nikiri kwamba hapo nilijisikia mkubwa kidogo. Da Mwamini aliona, akanipiga kisogoni.

"Unacheka? Ijumaa ninatoa memwari! Profeseri amerudisha sura ya pili, anataka makala nne ambazo ziko nyuma ya mlango uleule uliofunga weye. Nisipotoa Ijumaa, ninangoja mwaka mwingine. Mwaka, Idi!"

Sikucheka tena. Maman Esperansi akaeleza masharti. Aliyefanya ajulikane. Nakala zote zifutwe. Mjumbe wa muungano aone kwa macho yake zikifutwa, kisha aandike barua na kuweka sahihi. Mjumbe wa upande wetu ni Mzee Faustini, na wiki hiyo alikuwa Nyakabuye, anafundisha wanafunzi wa tawi dogo la chuo jinsi ya kutafuta makala. Tawi nalo lilikuwa limefungiwa, maana mlango ni mmoja. Yaani Mzee alikuwa huko anafundisha watu kuogelea, na mimi nilikuwa nimekausha maji.

Saa nne, barabarani. Tulichukua moto mbili, zile pikipiki za abiria, kila mmoja na motari wake. Nilishukuru Mungu, nikidhani mwendo mzima nitapumzika na matusi. Nilikosea. Kila moto zilipokaribiana, Da Mwamini alifungua kioo cha kofia.

Rwimbogo, kwenye kona: "Na Maman nyumbani nitamwambia!"

Nzahaha, katikati ya mihogo na migomba, mama wawili wenye majembe wakitutazama: "Na nywele hizo utanyoa!"

"Nywele zimefanya nini?" nikapiga kelele.

"Zimekaa juu ya hicho kichwa!"

Motari wangu alicheka mpaka moto ikayumba. "Sha, huyu ni bibi yako?"

"Ni dada."

"Pole sana," akasema. "Bibi unaweza kumurudisha kwao."

Halafu barabara ikaanza kuteremka, hewa ikawa ya moto, na bonde likafunguka chini yetu, kijani mpaka macho yanachoka: mpunga, mpunga, mifereji ya maji inayong'aa, mpunga tena. Hata Da Mwamini alisahau kunigombeza. Nilimwona akinyoosha shingo kutafuta madoa.

Saa saba, Nyakabuye. Mzee Faustini alikuwa kwenye darasa la tawi, mbele ya wanafunzi kumi na skrini tupu, anachora mtandao kwa chaki. Mtu mfupi, shati limechomekwa vizuri, kalamu tatu mfukoni. Alinitazama kutoka kwenye viatu hadi kwenye nywele.

"Roboti ndiyo huyu?"

"Ndiyo, Mzee," Da Mwamini akajibu.

"Nilifikiri litakuwa la chuma."

Wanafunzi wakaangua kicheko. Nilipomwambia kle iko kwa nani, Mzee akasema twende kwa Amani, tumalize kabla ya mvua.

Tulimkuta Amani ukingoni mwa shamba lao, amekaa na kompyuta ya zamani magotini. Karibu yake alisimama baba yake, Papa Amani, buti za mpira hadi magotini, mkono mfukoni mwa shati. Mzee alieleza shida yetu kwa adabu zote. Amani akainamisha kichwa. Papa Amani hakuinamisha chochote.

"Hii kle," akasema, akigusa mfuko wa shati, "iko na karatasi ya mupunga yangu. Miaka mbili majani yanaota madoa. Mi ninaongeza mbolea ya urea, madoa yanaongezeka. Ninaongeza tena. Mutoto wangu ananisomea humu: urea mingi ndiyo inanenepesha huo ugonjwa. Tangu jana ninaacha. Muangalie!" Akaonyesha gunia la urea ukingoni, bado limefungwa. "Tumesoma nusu. Kifaransa yake ni nguvu, tunaenda mustari kwa mustari. Nusu ingine ni ya kuchagua mbegu. Sasa munakuya kufuta?"

"Papa, nisipoona zote zimefutwa siwezi kuandika kwamba zimefutwa," Mzee akasema. "Hata moja ikibaki, nitakuwa nimesema uongo, na muungano mzima utashikwa kwa uongo wangu."

Nilimtazama dada. Alikuwa ameshika jani la mpunga lenye madoa, na nilijua hakuwa analiona. Angeweza kulia, angeweza kumwomba Papa Amani kwa jina la Mungu na mitume wake. Hakufanya. Aliniambia baadaye kwamba aliona aibu: yeye alitaka makala zile apate diploma, na yule mkulima alizitaka apate kula.

Mimi nikiogopa ninauliza maswali ya kijinga. Nikauliza, "Mzee, kwani Papa hawezi kuja kusomea maktabani?"

Mzee Faustini alinigeukia kama mtu aliyesikia mbuzi akisema bonjour. Akafungua mkoba, akatoa mkataba wa muungano, akalowesha kidole, akafungua karatasi kwa karatasi.

"Iko," akasema. "Iko hapa! Mtu yeyote anayeingia kwenye maktaba ya mwanachama anaruhusiwa kusoma kwenye kompyuta ya humo. Haisemi mwanafunzi. Inasema mtu." Akaugonga ukurasa kwa kidole. "Nimebeba mkataba huu miaka yote, hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Hata muntu wa buti?" Papa Amani akauliza.

"Hata wa buti. Lakini mlango ufunguliwe kwanza."

"Na usipofunguka?"

"Nitaandika leo. Siku ya kufungua sijui, sikudanganyi."

Papa Amani alifikiri. Kisha akatoa kle mfukoni, akampa Mzee, na mkono uleule ukanishika mimi begani.

"Basi huyu atabaki. Mulango ukifunguka, ataenda."

Nilimgeukia dada yangu wa damu anitetee. "Ni sawa kabisa, Papa," akasema. "Hata akikaa mwezi."

Kle ikafutwa mbele ya macho yetu sote, na kompyuta ya Amani nayo. Barua ya Mzee niliisoma nikichungulia juu ya bega lake: "Mhusika amepatikana. Si mashine. Ana miaka kumi na saba na amejuta." Nilimwomba aongeze kwamba ni mchezaji mzuri wa mpira. Alikataa.

Jumanne, kutwa, shambani. Kazi ya rehani ilikuwa kufukuza ndege kwenye kipande kilichokuwa kinakomaa. Unapewa bati, fimbo na koo. Ndege wa Nyakabuye hawana heshima: ukipiga kelele upande huu, wanahamia upande ule na kukusubiri. Amani alinisaidia kwa kunicheka. Mama yake alinilisha ugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, mpaka nikaanza kufikiria kuomba uraia wa Nyakabuye. Na Da Mwamini, aliyesema ataondoka, hakuondoka. Alivua viatu, akaingia majini na Papa Amani, akipiga picha majani na kuuliza: mara ya mwisho uliweka urea lini, madoa yalianzia wapi? Papa alijibu kama profeseri. Jioni daftari lilikuwa limejaa, matope na maandishi nusu kwa nusu.

Jumatano, saa nne asubuhi. Nilimwona Mzee Faustini akija juu ya ukingo wa mfereji, anakimbia, kalamu tatu zinaruka mfukoni.

"Umefunguka!"

Nilirusha bati juu. Ndege wote wakaondoka, na hiyo ndiyo mara pekee nilifanya kazi ile vizuri.

Papa Amani alivua buti mlangoni mwa maktaba ya tawi, akazipanga ukutani, akaingia na soksi. Wanafunzi wakampisha kiti. Amani akaketi upande mmoja, Da Mwamini upande wa pili amsaidie Kifaransa, na makala ikatokea. Papa alisogeza uso mpaka karibu abusu skrini.

"Tulifika mustari gani?" akauliza.

Alasiri tukapanda moto kurudi. Nzahaha dada alifungua kioo cha kofia. Nikajikunja.

"Lile swali lako," akapiga kelele, "halikuwa la kijinga!" Akafunga kioo haraka, nisije nikazoea.

Alhamisi asubuhi, Kamembe. Maman Esperansi alinipa kiti mbali na kompyuta zote na kunikataza kugusa hata swichi ya taa. Da Mwamini akafungua mlango kwa neno jipya la siri alilopewa asubuhi hiyo, akiwa ameficha kibodi kwa kitenge. Akapata makala zake nne, akazisoma na kuzinukuu, akamaliza sura ya pili. Ijumaa alitoa memwari, na kwenye ukurasa wa shukrani kuna jina la Papa Amani. La kwangu pia lipo, baada ya la motari.

Lakini ninachokumbuka ni hiyo Alhamisi. Alipomaliza ya nne, kwenye skrini ilibaki orodha ndefu ya makala za mpunga, zote wazi. Vidole vyangu viliwasha.

"Da Mwamini, hauchukui na hizo zingine?"

Akazima kompyuta, akabeba daftari lake lenye matope.

"Ju ya nini?" akasema. "Kesho zitakuwapo."