Mbuzi wa Akika na Askari wa Sherifu

Nikisema sitaki kusikia habari za sherifu, watu hunambia nina hasira za karibu. Ninazo kweli. Nilitoka nazo Tanga, na miaka yote ya kupanga mizigo kwenye maghala ya uwanja wa ndege hapa Euless, Marekani, haijanipoza. Lakini siku ile nilikuwa na haki yangu, na atakayenibishia aje.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa amepata mtoto wa kwanza, binti. Kwetu mtoto huchinjiwa akika siku ya saba, wa kike mbuzi mmoja, wa kiume wawili. Ila Marekani siku ya saba huangukia zamu ya kazini, basi tukasogeza mpaka Jumamosi, ili Jumapili watu waje wale, wamwombee dua mtoto. Nikamshauri tununue nyama dukani, yaishe. Akakataa katakata. Alitaka kumchinjia binti yake kwa mkono wake mwenyewe.

Mbuzi tulimfuata mbali. Mdogo wangu aliwahi kuendesha lori upande wa magharibi, akajuana na mzee mmoja wa Kizungu mwenye shamba la mbuzi. Ukiiacha Fort Worth nyuma ukaendelea tu, miti inafupika, nyasi zinapotea, mwisho unabaki na vichaka vya miiba na vumbi la kijivu. Ni jangwa lile. Halafu katikati ya jangwa unakutana na nyumba mpya zimepangwa mistari, zina bustani za kijani zinazomwagiliwa maji mchana kutwa, za watu waliokimbia msongamano wa mjini. Wafugaji na hao wenye bustani wote wanahudumiwa na kituo kimoja cha sherifu, yaani mkuu wa polisi wa huko, ambaye huchaguliwa kwa kura.

Mzee alitupokea vizuri. Akatusimulia kwamba si zamani aliibiwa mbuzi, akapiga simu kituoni, na askari wakaja siku ya tatu.

"Wilaya kubwa, askari wachache," alisema, akacheka.

Akatuchagulia mbuzi mnene, tukamlipa, akatuonyesha banda lenye bomba la maji karibu na uzio unaotazamana na zile nyumba za bustani, kisha akapanda gari lake kwenda mjini kununua chakula cha mifugo. Alituachia shamba zima.

Nilishika miguu. Mdogo wangu akamlaza mbuzi kuelekea kibla, akapiga bismillahi, akalitaja jina la binti yake kwa sauti ya kutetemeka mpaka nikamcheka. Tukamtundika mbuzi bandani, akaanza kuchuna. Nikawa namchokoza kwamba anachuna kama bwana harusi anayeogopa kuchafua kanzu, naye ananikumbusha niwe mwangalifu, mifupa ya akika haivunjwi.

Ngozi haijatoka hata nusu, magari mawili ya sherifu yakaingia na vumbi lake. Mtu mmoja wa zile nyumba za bustani alikuwa ametuona kwa mbali, akapiga simu kwamba kuna watu weusi wenye visu na damu. Mzee kaibiwa mbuzi, wamekuja siku ya tatu. Sisi tumenunua mbuzi, wamekuja hata jasho halijatukauka.

"Tupa kisu!"

Walikuwa wawili, mmoja wa makamo na mwingine kijana. Mdogo wangu akatupa kisu, akapiga magoti, akaweka mikono kichwani kabla hawajamwambia. Wakamtia pingu.

"Mbuzi huyu wa nani?" akauliza yule wa makamo.

"Wetu, tumenunua," nikamjibu.

"Risiti iko wapi?"

Jamani! Tangu lini mbuzi akawa na risiti? Nikawaomba wampigie mwenye shamba. Simu yake haikupatikana, kwani kule mtandao huja unapotaka. Nikawaeleza habari ya mtoto, ya jina, ya dua. Yule kijana akaniangalia kama ninayemsimulia hadithi za sungura na fisi. Yule wa makamo akasema kuna wizi wa mifugo eneo hili, na mbuzi huyu ni ushahidi. Akaikata kamba. Mbuzi wa akika akaanguka puu kwenye vumbi.

Nikapandwa na mori. Nilimwuliza huyo askari kama kwao ndivyo wanavyotupa chakula cha ibada, na mengine niliyasema kwa Kiswahili, ambayo sitayaandika hapa.

"Dada, please, usi-argue nao," mdogo wangu akasema pale chini. "Mwenye nguvu mpishe."

Nilijua anachoogopa. Karatasi zake za kuishi nchini zilikuwa bado hazijajibiwa. Wakimwandikia wizi, hata wa mbuzi, atalala mahabusu ya sherifu, na siku hizi kutoka pale hadi mikononi mwa watu wa uhamiaji ni hatua moja. Na mtoto wake hajatimiza hata arobaini.

Walimkalisha juani, mgongo kwenye gurudumu la gari. Kivuli cha banda kilikuwa pale pale. Niliomba akae kivulini, nikaambiwa nisisogee. Simu ikaanza kuita mfukoni mwake, ikakatika, ikaita tena. Alikuwa mkewe, maana mlio wake tunaujua sote. Yeye mikono iko nyuma, anautazama mfuko wake tu. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyowachukia watu wale.

Mwishowe mzee akarudi. Akashuka garini mlango akiuacha wazi.

"Hawa ni wageni wangu," alisema. "Nimewauzia mimi. Mnafanya nini?"

Askari wa makamo akavua kofia. Wallahi, alivua kofia.

"Tuwie radhi sana, bwana," akamwambia mzee. "Pole kwa usumbufu. Tulikuwa tunalinda mali yako."

Na yule kijana naye akamwomba radhi mzee, mtu ambaye hawakumgusa hata ukucha. Mdogo wangu walimfungua pingu bila kumwambia neno, wakaanza kurudi kwenye magari yao.

"Na huyu je?" nikapiga kelele. "Huyu anaombwa radhi na nani?"

"Tulikuwa kazini tu, mama," akasema yule wa makamo. "Muwe na siku njema."

Ndipo mdogo wangu, huku anasugua vifundo vya mikono vilivyovimba, akamwambia, "Thank you, sir."

Mzee aliona aibu, akataka kutupa mbuzi mwingine bure. Mdogo wangu akamshukuru, akakataa, kwa sababu jina la mtoto lilikwisha kutajwa kwa huyu. Tukaiosha nyama bombani mpaka mchanga ukaisha, tukaipanga kwenye barafu, tukaondoka.

Nilishika usukani mimi. Yeye akampigia mkewe, akamwambia mtandao ulikuwa mbaya. Alipokata simu tu nikamlipukia.

"Asante ya nini? Wamekutia pingu, wamekuanika juani, halafu unawashukuru?"

Aliirudisha simu mfukoni.

"Dada, leo jioni nitampakata mwanangu," akasema. "Ningesema neno jingine lolote pale, ningempakata lini?"

Niliendelea kuendesha, machozi ya hasira yakinitoka.