Maua Niliyoyachuma Mute

Nakumbuka asubuhi moja nilipomsingizia mwanamke mwenzangu mbele ya watu. Mwanangu, mpaka leo nikiisimulia natazama chini.

Nilikuwa bibi harusi mgeni hapa Mute, nimeolewa kutoka Palma. Jembe silijui vizuri, lakini ulimi ninao. Mume wangu alinikatia kipande cha shamba nipande matikiti, yakatambaa vizuri. Yalipochanua, nikaona maua mengine yana kitikiti kidogo nyuma yake, na mengine yamesimama juu ya kikonyo kitupu. Haya matupu nikadhani yanaunyonya mmea bure. Kila asubuhi nikawa nayachuma, nayatupa. Sikumuuliza mtu, maana nilitaka mama mkwe aone kuwa najua.

Jirani yangu wa shamba alikuwa Bi Saumu, mjane asiye na mtoto. Akipita husimama. "Mashallah, bibi harusi, matikiti yako yamekubali."

Siku chache baadaye vile vitikiti vikageuka manjano, vikasinyaa, vikaanguka. Nikatafuta wa kumlaumu, nikampata upesi. Kisimani, wanawake wamejaa na ndoo zao, nikasema, "Shamba langu limetiwa jicho. Asiye na mtoto akisifu kitu, hakibaki."

Sikutaja jina. Wala hakuna aliyeuliza ni nani. Tangu hapo ndoo ya Bi Saumu ikawa ya mwisho kujazwa, na wenye watoto wachanga wakawa wanawafunika kanga akipita.

Siku ya tano akanijia shambani. Akaokota ua nililolitupa.

"Unayachuma haya?"

"Ndiyo. Hayazai."

"Haya ndiyo madume. Nyuki huchukua unga wake akaupeleka kwenye yale ya kike. Ukiyamaliza, tikiti halishiki."

Akachuma dume moja lililobaki, akalipangusa taratibu ndani ya ua la kike. "Fanya asubuhi hivi hivi. Jua likipanda ua hujifunga, halifunguki tena."

Akaenda zake. Neno la kisimani hakuligusa kabisa, na hilo ndilo lililonichoma.

Matikiti yakashika. Nikaenda nyumbani kwake, nikarudisha mlango, nikapiga magoti nikalia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini ulinisema kisimani, na radhi umeniomba chumbani. Nani kasikia?"

Nikamwahidi kwamba nitasema mbele ya wote. Kesho ikawa keshokutwa. Niliogopa kuchekwa, mwanangu. Nikajiambia nitangoja tikiti la kwanza niwagawie wenzangu, ndipo niseme. Nikalikata kwa pupa, kumbe ndani bado jeupe, na tikiti likishakatwa changa haliivi tena. Nikapata kisingizio kingine cha kungoja.

Siku nilipojikaza nikasimama kisimani nikasema yote, kwamba maua niliyamaliza kwa mkono wangu na Bi Saumu hana kosa, wifi yangu alisema, "Kapanda gari la chapa juzi, kahamia kwa kaka yake Tungue. Kasema kachoka kungojea maji ya hapa."

Nilimfuata mara mbili. Alinipokea vizuri, akanipikia. Kurudi Mute hakutaka.

Sasa nisikilize. Jambo likikuharibikia, tazama kwanza mikono yako, kisha uliza anayejua, hata kama swali litakuonyesha mjinga. Usimtafute mnyonge ukamtwika. Siku hizi hamngoji hata kufika kisimani. Neno mnalirusha kwenye simu, likafika Palma chai haijapoa. Ukikosea, omba radhi palepale ulipomvunjia mtu heshima, mbele ya wale wale, na usingoje siku nzuri. Mimi niliingoja, na mwenzangu akaondoka kwake kwa aibu iliyokuwa yangu.

Mungu akulinde na ulimi wako, akupe moyo wa kukiri mapema, na kila uliyemkosea umkute bado yupo. Amin.